Vivumishi vya Jumanne Usiku

Gort, kaunti ya Galway. Mvua inapigapiga bati la ukumbi wa parokia
na hita moja tu inafanya kazi, nayo kwa manung'uniko.
Nimebandika ukutani karatasi thelathini,
kila moja uso, kila uso na neno chini yake:
mwenye wivu, mwenye soni, mkunjufu,
mkaidi, mwenye kinyongo.
Wanafunzi wangu wametoka zamu kiwandani,
mikono inanuka sabuni juu ya damu ya ng'ombe.
Saa tisa nzima wamesimama wakitenga mfupa na mnofu;
sasa nawataka watenge haya na aibu.

Edmílson anasimulia, akicheka kabla ya wengine:
wiki iliyopita alimwendea msimamizi kumwambia
kazi ya kufunga maboksi imemchosha.
Mkia wa neno ukamponyoka. Silabi moja tu.
Akasema, sauti safi, kifua mbele,
"Mimi ni mtu wa kuchosha."
Msimamizi akamshika bega: "Tunajua, rafiki, tunajua."
Tangu siku hiyo ndilo jina lake kwenye mashine.

Tunacheka. Naandika ubaoni viambishi viwili,
cha anayetenda na cha anayetendwa,
nawaambia, angalieni, heshima ya mtu
imening'inia hapa, kwenye herufi mbili tatu.

Valdirene hacheki.
Ameikunja fomu ya daktari mara nne, sasa anaikunjua:
Wiki mbili zilizopita umejisikiaje? Weka alama.
Visanduku kumi na viwili. Vyote vitupu.
"Mwalimu," anasema, "kwetu kuna 'kuwa' mbili.
Ipo ya kuwa kama mvua, inapita,
na ipo ya kuwa kama kimo, unazikwa nacho.
Hii yenu ni ipi?
Nikitia alama kwenye huzuni
daktari atasoma nini: inapita, au nimezaliwa nayo?"

Mama yake alizikwa Anápolis mwezi wa tatu.
Mazishi aliyaona kwenye simu, chooni, wakati wa mapumziko,
kofia ya wavu bado kichwani.
Kila aliyemuuliza hali alijibiwa "fain."
Neno hilo nilimfundisha mimi. Wiki ya kwanza.

Jibu la kitabu ninalo. Kitabu kinasema: inategemea muktadha.
Nafungua kinywa, na anayenijia ni bibi yangu, Bairbre wa Carna,
aliyekuwa na Kiingereza cha kuuzia mayai, basi.
Katika lugha yake hakuna mtu aliyepata kuwa huzuni.
Huzuni iko juu yangu, ndivyo walivyosema,
sawasawa na koti liko juu yangu.
Njaa iko juu yangu. Aibu iko juu yangu. Hata furaha.
Babu alipokufa aliketi jikoni siku tisa nayo juu yake,
ya kumi akainuka, akakung'uta aproni,
akaenda kuwafungulia kuku.
Haikuisha. Aliitundika nyuma ya mlango,
na siku nyingine, bila kutuambia, aliivaa tena.
Mimi lugha ile niliiacha kwenye kituo cha basi
nikiwa na miaka kumi na minane na sanduku jipya.

Namweleza Valdirene hayo, nusu kwa maneno, nusu kwa mabega.
Anaomba kalamu ya Edmílson.
Chini kabisa, palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi,"
anaandika kwa Kiingereza ambacho kitabu hakikijui:
Huzuni iko juu yangu. Ni nzito. Imelowa.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.
Nimeirudisha mfukoni.

Saa tatu na nusu hita inazimika yenyewe.
Edmílson anabandua nyuso ukutani,
anauliza kama anaweza kwenda na ile ya mkaidi,
anataka kuibandika kwenye kabati la msimamizi.
Valdirene anavaa koti, mkono mmoja, kisha wa pili,
anapandisha zipu mpaka kidevuni
na kusimama kidogo mlangoni, akiipima mvua.