Daftari la Madeni

Wamemwonyesha Anaeli ukumbini, kwenye kitambaa cheupe:
kijana wa Dar, mashavu ya mtu aliyeshiba,
anavunja chupa, anafoka, analia dirishani,
Kilimanjaro nyuma yake kama picha ya kalenda.

Anaeli hakulia mbele za watu.
Mlima hakuuchora hata siku moja.
"Ule ulishajichora," alisema.
Na brashi aliishika kwa kushoto.

Mimi ndiye niliyemkopesha rangi,
duka la vifaa, Pasua, karibu na mashine ya kusaga.
Hawakuja kuniuliza. Daftari ninalo.

Machi: nyeusi, nusu galoni.
Machi tena: nyeusi.
Aprili ni mvua tu, hakuna kitu;
dada yake Ndeshi alipita mara mbili
kuuliza kama nimemwona.
Juni: nyeusi. Spiriti nilimnyima,
nilijua haiendi kwenye brashi.

Halafu Septemba, njano.
Kopo dogo, ile ya mistari ya barabarani.
Alilipokea kwa mikono miwili
kama uji wa mgonjwa,
akachovya papo hapo, akajaribia mlangoni kwa stoo yangu:
mkwaruzo mmoja, kutoka bawaba hadi kitasa,
akacheka.

Chini ya hapo ukurasa ni mtupu.

Filamu ilikwisha kwa zeze na machozi. Watu wakapiga makofi.
Nikarudi kufungua duka.

Elfu sita na mia tano.
Njano ile sijaifuta,
si kwenye daftari,
si mlangoni.