Ndoo Kumi na Saba

Mimi nauza maji. Tuanze hapo,
msije mkanisikia nahesabu mkadhani ni uchoyo.
Newala huku juu maji hupanda mlima kwa mashine,
na mashine ikigoma, hupanda kwa kichwa.

Usiku wa kuamkia Mei Mosi
nilikuwa nafunga kioski, ufunguo mdomoni,
nikaona anga la upande wa Shimo la Mungu limeiva.
"Moto!" Likwata kinyozi akapiga yowe,
povu la mteja bado mkononi,
na mtaa mzima ukanijia na ndoo:
Fungulia, mama! Tutaandikiana!
Nikafungulia. Kumi na saba. Nilihesabu
hata katika hofu; mkono una akili yake.

Tukakimbia, maji yakitulowesha migongo.
Kufika ukingoni, pale nchi inapokatika ghafla
na Ruvuma imelala chini kabisa kama uzi ulioanguka,
hakuna nyumba inayoungua.
Yupo Ingela, yule mkunga Mswidi
anayefundisha wauguzi hospitalini,
mwezi wake wa pili tu,
kofia nyeupe kichwani, kapelo yake nyeusi,
mbele ya lundo la matawi ya mikorosho
refu kuliko mlango wa msikiti.
Linawaka, naye anaimba peke yake.

Anaimba, jamani.
Mikono nyuma, kama mwanafunzi kwenye paredi.

"Unachoma nini?" Bi Somoe akamuuliza, ndoo ingali kichwani.
Akatafuta neno. Kiswahili chake kilikuwa na viraka.
"Baridi," akasema. "Kwetu leo tunachoma baridi.
Imekaa miezi sita. Tunaiambia: nenda."
Tukatazamana.
"Na wachawi," akaongeza. "Zamani. Moto uliwafukuza wachawi."
Hapo hakuna aliyecheka.
Wawili watatu walirudi nyuma hatua moja,
na mimi nikajikuta nawaangalia ni akina nani.

Baridi! Yetu ndiyo kwanza inafunga mizigo ije.
Mvua imekata juzi, mbaazi zinachanua,
wiki chache tu na ukungu utapanda kutoka bondeni
upite chini ya mlango bila hodi,
watoto waende shule wamejitanda khanga za mama zao.
Bi Somoe akatua ndoo, akakaa juu ya kigogo.
"Kumbe ni huyohuyo mmoja," akasema.
"Akitoka kwao ndiyo anakuja kwetu.
Mwenzangu, ungemshikilia huko huko."

Ndipo kicheko kikapasuka,
na mteja wa Likwata akawasili mbio,
nusu kidevu, nusu ndevu,
akiuliza nani amekufa.

Mtu akaleta muhogo, tukaufukia kwenye majivu.
Ingela akaombwa aimbe tena.
Wimbo wenyewe haukuwa na pa kuchezea,
wala pa kupigia kofi,
ulipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mtoto usingizini.
Watoto wakaushika bila maneno, wakaupinda kidogo.
Ubeti wa tatu sauti yake ikakatika.
"Moshi," akasema, akajifuta.
Ni kweli, mkorosho una moshi mkali.
Lakini mimi nimezaa wanne, wawili wako mbali hawapigi simu;
machozi ya moshi nayajua,
na yale mengine pia.

Usiku wa manane tulimwagia makaa ndoo moja.
Yalifoka, yakanung'unika, yakanyamaza.
Zile kumi na sita zilirudi na wenyewe,
zikapika uji, zikaosha watoto,
na kesho yake mtaa mzima ulikuwa na usahaulifu.

Ila yeye. Alikuja asubuhi, nywele zinanuka moshi,
na noti ya elfu kumi, alipe zote.
Nikamwambia sina chenji.
Droo ilikuwa imejaa chenji.
"Ni ile moja tu," nikasema, "na hiyo utalipa mwakani,
usiku uleule. Ila matawi safari hiyo
uniambie mapema."