Mkanda wa Kisiagi

Mkanda wa kisiagi changu ulichanika msimu wa mahindi mabichi.
Nikaushona kwa uzi wa gunia, nikauacha hivyo.
Tangu siku hiyo mashine ikawa inachechemea:
tuku-tu, tuku-tu,
kisha kimya kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi,
kisha tuku.
Wateja walizoea. Mama Nasambu alidai inambembeleza.

Mulongo hakuzoea.
Mulongo wangu, aliyezaliwa wa pili akabaki peke yake.
Alikuja na simu, akailaza juu ya debe,
akasema, mama, usimsalimu mtu, acha isage.
Nikasimama dakika nne na unga kwenye kope
kama napigwa picha ya kitambulisho.

Chumba chake kiko nyuma, palipokuwa pa kuku.
Amebandika trei za mayai ukutani mpaka darini,
na mlangoni ametundika blanketi lake la shule.
Wapita njia hudhani bado tunafuga.
Saa saba usiku soko la Chwele limelala, hata mbwa wake;
kule Seoul ni saa moja asubuhi
na kijana aitwaye Do-yun anamwandikia
kwa Kiingereza cha kuokoteza,
naye Mulongo anamjibu kwa cha kwake cha kuokoteza.
Besi iwe nzito. Iwe kama mlango wa chuma.
Mulongo anafikiri. Anatoka nje.
Anagonga mlango wangu wa chuma, saa saba na nusu,
nami naruka kitandani nikitafuta panga.

Walimwomba ngoma za Afrika.
Akawaambia, za kuuza sina, nina kisiagi.

Maneno yao hayajui, lakini anajua yanapozidi.
Hapo umejaza mno, alimwandikia yule mwimbaji, pumua.
Akaimba upya. Pumua.
Mara ya kumi na mbili akapumua,
na mwanangu akazima kila kitu akaja jikoni
akala ugali uliolala, amesimama, bila mboga.

Halafu akaja binti wa darasa la nane na kilo mbili za mahindi,
simu mfukoni, inaimba.
Nikaisikia mashine yangu.
Nilidhani nimeiacha ikizunguka, nikageuka kuizima:
ilikuwa imezimwa.
Nani huyo? nikauliza.
Akataja jina la Kikorea, akanionyesha kioo:
aliyeimba, aliyeandika, aliyepiga picha,
hata aliyewavisha viatu.
Nikapekua mpaka mwisho kwa kidole chenye unga.
Nikataka kusema kitu. Nikampimia kilo zake.

Jioni nikamuuliza Mulongo, jina lako liko wapi?
Wamelinunua pamoja na mdundo, mama.
Akasema vile, akaendelea kumenya kitunguu.
Nami nikakumbuka miaka kumi na tisa ya kusaga:
watu humsifu aliyesonga.

Pesa zilipoingia akaninunulia mkanda mpya
kutoka Bungoma, mweusi, unanukia duka.
Sasa kisiagi kinakwenda sawa, tukutukutuku,
hakina habari.
Mama Nasambu amehamia kwa Wafukho, anasema changu kina kelele.
Ule mkanda wa zamani nimefungia lango la mbuzi.
Na kuna watu, huko ambako theluji huanguka,
wanateremka ngazi za treni na kuchechemea kwangu masikioni.

Jana Do-yun ameandika tena.
Watayarishaji wakubwa watatu wamejaribu kuiga kile kimya
na wameshindwa; kinatoka kirefu, au kinatoka kimekufa.
Ulikipimaje?
Mulongo amekaa na swali hilo tangu asubuhi.
Mwishowe akaja akaniuliza mimi,
akiegemea gunia, hanitazami.

Nikamwambia, uzi ulikuwa mfupi.