Viatu vya Barafu

Gari lilifika Tabora limevaa viatu vya nchi nyingine.

Sleyum alilitoa bandarini, akaliendesha usiku mmoja na nusu siku,
na lilipoegeshwa mbele ya nyumba yangu, Isevya,
jekundu, milango miwili, tumbo chini kama kenge,
watoto wa jirani walilizunguka kimya
kama watu waliokuja kutoa pole.

Fundi Mihayo wa Cheyo hakutazama rangi.
Hakuuliza injini.
Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi,
akasoma kwa ngozi:
mlima wa vilele vitatu, na ndani yake
kitu chenye miguu sita.
"Nyota?" nikauliza.
"Theluji. Dada Nyanzala, umeuziwa viatu vya barafu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alikandamiza ukucha kwenye mpira, ukazama
kama kwenye kiazi kilichoiva.
"Umepikwa laini ili usigande huko kwao.
Hapa jua la Oktoba litaulamba.
Nenda Nzega mara kumi kwenye lami ile,
utarudi na waya."

Lakini Oktoba ilikuwa ukingoni.
Mawingu yalishaanza kukaa vikao upande wa Urambo,
na mimi kila Jumamosi ya pili nakwenda Ulyankulu kwa mama,
ambako lami inakuaga katikati ya sentensi
na kinachofuata ni udongo wenye hoja zake.

Akatandika turubai.
Yale mapana kwanza, meusi ya kung'aa,
ubavu mwembamba kama mkate uliokaliwa.
Moyo wangu ukaruka, sitaficha.
Niliyaona yakipita stesheni polepole, vioo vimeshushwa,
na yule Kasanda aliyesema gari la michezo si la mwanamke
akiwa amesimama pale pale na soda yake.

Lakini kazi yangu ni kupanga tumbaku madaraja.
Miaka kumi na moja ghalani nimejifunza
kwamba jani linalong'aa kuliko haki yake
limenyunyiziwa maji usiku.
Nikageuza tairi, nikatafuta tarakimu nne:
wiki ya kumi na tisa, mwaka wa mbali.
Lilikuwa limezeeka kabla ya kukanyaga.
Ufa mdogo, mwembamba kama unywele, ulinichungulia.

"Hilo la kupigia picha," Mihayo akakiri,
naye akalisukuma kando kwa mguu.

Ya pikapu yalikuwa na meno kama ya mamba
na yasingeingia hata kwa maombi.
Yakabaki haya: membamba kidogo, ya kawaida,
hayana jina la kujivunia,
ila mifereji yake mirefu, imelazwa mshazari.
Nikatumbukiza shilingi mia. Ikazama karibu nusu.
Nikakumbuka matuta ya viazi ya mama:
mahali maji yanapopewa njia, tuta halivunjiki.

"Yote manne," nikasema.
"Nyuma tu kwanza, pesa ikiwa..."
"Yote manne, Mihayo. Sitaki miguu inayobishana."

Mvua ilinikuta nimeshapita Ndono.
Sitasema gari liliruka, wala kwamba sikuogopa.
Mkia ulitaka kwenda kushoto, ukafikiri, ukarudi.
Kumbikumbi walijaa kwenye kioo.
Nilifika nimekunja vidole vya miguu ndani ya raba.

Mama alizunguka gari mara moja.
"Na yale ya zamani yako wapi?"
Nikamwambia yako kwenye buti, mawili; nilikusudia kuyatupa.
Alinitazama kama nimesema nitatupa unga.

Mwezi uliofuata alikuwa amevaa katambuga,
zimekatwa vizuri, kamba zimepigwa misumari midogo.
Tulikwenda kuchuma uyoga asubuhi, njia ikiwa matope tupu,
yeye mbele na ungo, mimi nyuma nikishika matawi,
na kila alipoinua mguu aliacha udongoni
michirizi ile myembamba, mawimbi mawimbi,
iliyochongwa na watu wa mbali
kwa ajili ya kitu ambacho sisi wawili
hatujawahi kukishika mkononi.

Mimi niliteleza mara tatu.