Una Dakika Ngapi?

Programu nimeipa jina Funga, kwa muda tu,
hadi Baluku apate jina litakalouzika.
Skrini ya kwanza ni nyeupe, swali moja katikati:
Unakwenda wapi?
Chini yake vitufe vitatu, rangi ya mgomba:
Mlimani. Mbugani. Ziwani.
Mgeni anabonyeza, anataja siku zake,
nasi tunamwambia abebe nini.

Ni kazi ya kampuni inayopandisha wageni Rwenzori.
Chumba chetu kiko juu ya duka la saruji, Kasese,
joto linayeyusha hata subira,
na umeme ukikatika
naandika kwa kalamu nyuma ya risiti za mabati:
soksi jozi sita, tochi, kofia ya sufu,
mabuti ya mpira. Haya kwa herufi nzito,
maana Thembo, mpagazi wa miaka kumi na minane,
ameniapia kwamba matope ya kule juu
humeza kiatu cha dola mia tatu kama tonge.

Thembo ndiye aliyenifunza kupima.
Alikuja na mizani yake ya ndoano,
akatundika begi la mgeni mlangoni petu,
akatoa kimoja kimoja: kikaushia nywele,
vitabu vitano, chupa tatu za manukato,
pasi. Ndiyo, pasi.
"Andika humo," akasema,
"kila asichokihitaji kina shingo ya mtu chini yake."
Nikaandika. Baluku akafuta: wateja watanuna.
Nikaandika tena, kwa upole:
Begi lako lina kilo 22. Mpagazi wako anaitwa nani?

Mvua ilitushinda.
Kanuni ilisema: utabiri ukiwa wa mvua, ongeza koti.
Lakini utabiri wa huku ni ahadi ya fundi cherehani.
Tukafuta kanuni. Koti, siku zote.

Jumamosi nikampa bibi Mbambu simu aijaribu.
Akavaa miwani, akasoma, midomo ikitembea:
Unakwenda wapi?
Akanyamaza. Kisha: "Kitufe changu hakipo."
Kipi, bibi?
"Cha usiku ule."

Usiku ule Nyamwamba ulipoacha njia yake
ukashuka Kilembe na mawe makubwa kama ng'ombe
yakigongana gizani.
Bibi alibeba sufuria ya maharagwe, ya moto,
kwa kanga iliyoloa, hadi shuleni kule kilimani.
Hati ya kiwanja ilibaki chini ya godoro,
na godoro likabaki chini ya mto,
mto wa maji, si wa kulalia.
Na picha pekee ya babu, na kofia yake ya mgodini.
"Maharagwe!" anasema, anacheka hadi anakohoa.
"Lakini watoto kumi na mmoja walikula."

Jumatatu sikumwambia Baluku.
Nikaongeza skrini kabla ya ile ya kwanza,
haina vitufe, haina picha ya kilele chenye theluji.
Inauliza tu: Una dakika ngapi?
Ukiandika nyingi, inakupeleka kwenye soksi.
Ukiandika tano,
hapo ndipo nimekwama.

Hati, naandika. Nafuta. Narudisha.
Dawa za presha. Mtoto aliyelala chumba cha nyuma
(lakini nani wa kukumbushwa mtoto?
Bibi anainama, hajibu.)
Thembo anasema viatu, hata kama ni kimoja.
Baluku ameiona, hakununa; anasema chaja,
halafu anajionea aibu, anatoka kununua maji.

Kishale kinapepesa.
Nje, juu ya Kilembe, wingu limejifunga mkaja.
Kisanduku kimoja tu nimekijaza, cha juu kabisa:
sufuria.
Kwa muda tu, kama lile jina.