Stakabadhi ya Moshi

Kijana alikuja Wiyoni na mizani ya ndoano,
kama ile ya wauza papa.
Lali Bwanaheri; mamake namjua.
Akaniomba kuni zangu za siku moja.
Akazifunga kamba, akazitundika,
akaandika: kilo saba na robo.
Miaka ishirini na sita nimezibeba kichwani,
sikujua kama zina uzito wa kuandikika.

Kisha akanieleza, mara mbili, taratibu,
kama anayemsomesha mtoto alifu kwa kijiti:
jiko hili ni elfu nne na mia tano,
wewe utatoa mia tatu,
zilizobaki atalipa mtu wa ng'ambo
anayenunua moshi wako.

Moshi gani, mwanangu?

Ule ambao hautatoka.

Nilicheka mpaka mtandio ukanianguka.
Nimeuza mahamri, nimeuza mbaazi,
nimeuza pete ya posa mwaka wa homa ya Khuleta,
hata maji ya kisima nimeuza, Mungu anisamehe.
Lakini kitu kisichokuwepo,
kinachopimwa kwa kutokuwepo kwake,
hicho sijawahi.
Akanionyesha pa kubonyeza kidole. Nikabonyeza.
Kidole kilikuwa na masizi;
hakikuhitaji wino.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu.
Hili ni moja, la bluu, bati nje udongo ndani,
na limeinjika.
Vijiti vitatu vya unene wa dole gumba
na mbaazi zimeiva
kabla watoto wa chuo hawajapita.

Mkwe wangu Mwana Siti alikufa akikohoa.
Makuti ya jikoni mwake yaling'aa weusi
kama yamepakwa mafuta.
Tulisema ni pumu ya ukoo.
Wanaume wa ukoo huo hawakohoi.
Nilimuuliza Lali: moshi wake yeye ulitoka wote,
huo je, una bei?
Akafungua daftari. Akalifunga.
Wanahesabu kuanzia Januari.

Baada ya miezi mitano wakaja wakaguzi wawili,
wakaligusa jiko kwa viganja
kama wanaompapasa mtoto homa.
Mara ngapi kwa wiki, mama?
Kila siku, nikasema.

Nyuma ya pipa mafiga yangu yalikuwa yamelala,
yote matatu, chini ya gunia.
Maana arubaini ya marehemu Bakari
tulipika pishi kumi na mbili,
na sufuria ile, kuiweka juu ya jiko la bluu
ni kumkalisha ng'ombe kwenye mbuzi ya kukunia nazi.
Tukayatoa mafiga. Tukafukiza mtaa mzima,
majirani wakapiga chafya, wakala, wakashukuru.
Ila usiku nikageuka kitandani:
moshi ule si ulikuwa umeshauzwa?
Nimekula mali ya mtu?
Nani nitamwendea nimwombe radhi,
nami hata jina lake silijui?

Asubuhi ndege hupaa kutoka Manda
ikapita juu ya bati langu ikinguruma.
Khuleta, asiyekohoa tena usiku,
hutoka mbio kuipungia mkono.
Mimi husimama mlangoni na mwiko.
Labda ndiye yule, nasema, mnunuzi wangu,
ameketi dirishani, stakabadhi mfukoni,
anaufukiza kule juu
moshi nilioacha kuufukiza hapa.

Haidhuru. Aende salama.
Siku hizi nikilia jikoni, ni kitunguu.

Narudi ndani mbio, na tayari nimechelewa:
mbaazi zimeshika chini.
Nilizoea moto wa kubisha hodi,
wa kukuita kwa macho na kwa pua.
Huu hausemi kitu.
Unapika tu.