Kifundo cha Tatu

Waliosema akiba haiozi
hawakuwahi kulala Kigumba mwezi wa tatu,
kichwa upande huu wa ukuta,
mahindi upande ule.
Sisi tuliisikia ikioza:
krr, krr, meno madogo yasiyosinzia,
na asubuhi unga chini ya gunia
ambao hakuna aliyeusaga.

Mwaka huu nilinunua magunia manne ya tabaka tatu
kwa pesa ya yule mbuzi wa pembe moja.
Ulicheka, Araali. Ulisema
nimeuza nyama, nimenunua nailoni.

Nilianika siku tisa juu ya turubai,
nikifukuza kuku kwa mkono huu, watoto kwa ule.
Siku ya sita nilitia punje kwenye chupa ya soda,
na kijiko cha chumvi, nikatikisa.
Chumvi ikanata kwenye kioo.
Bado.
Siku ya tisa ikaporomoka yote, kavu, kama mchanga.
Sasa.

Mfuko wa ndani: jaza, shindilia kwa ngumi,
kamua hewa, sokota shingo,
ikunje kama shingo ya bata aliyelala,
kaza kwa mpira wa tyubu.
Wa pili vivyo hivyo.
Kisha gunia lenyewe, la nje, kifundo cha tatu.
Fukusi aliyejificha ndani ya punje
atavuta pumzi ileile aliyoingia nayo,
na ikimwishia, hana jirani wa kumkopa.

Usiku wa kwanza sikupata usingizi.
Ukuta haukusema kitu.
Mama yako alibisha hodi alfajiri
kuuliza kama mahindi yamekufa.

Februari, ada ya shule.
Mchuuzi akaja na mizani yake yenye kigugumizi,
akataja mia sita kwa kilo, akitazama kwingine.
Nikasema hapana. Nikauza kuku saba.
Ukasema tufungue moja tu, tuone.
Nikasema hapana.
Nilisema hapana nyingi mwezi ule,
nyingine nilizitamka bila kuinua macho.

Kisha usiku mmoja, karibu na mlango:
krr.

Sikukuamsha. Nililala nikihesabu,
moja, mbili, tatu ziko kimya,
na ya nne inakusema, Araali,
inakusema kwa meno.

Mwezi wa tano bei ilipanda, nikafungua.
Magunia matatu yalitoa harufu ya Januari,
ya jua na mabua,
na juu kabisa fukusi wachache, wakavu kama simsimu,
miguu juu.
La nne nilipoingiza mkono
ulizama mpaka kwenye kiwiko katika vumbi vuguvugu.
Na shingoni mwake, badala ya mpira,
kamba.
Niliitambua. Ni ya yule mbuzi.

Nilikuwa na maneno tayari, mengi, makali,
nimeyafungasha tangu Machi, tabaka tatu.
Nikaenda bombani kuchota maji kwanza.
Hapo Nyamahunge akanishukuru.
Kwa nini? nikauliza.
Kwa beseni, akasema. Ghala lilipoungua
na wewe ukamrudisha mtoto wangu mikono mitupu,
nilidhani umenikata.
Kumbe ulimtuma kaka yangu usiku, kwa baiskeli, bila taa.

Nikajaza dumu mpaka likamwagika.
Mtoto. Ndiyo. Alisimama mlangoni na beseni la bluu.
Sikuinua macho.

Vumbi nimewapa kuku waliobaki.
Sitakuuliza.
Lakini leo jioni, kabla hujavua viatu,
njoo hapa, ushike shingo ya gunia hili:
sokota, kunja, kaza.
Kufungua si kosa lako, Araali.
Kosa ni kwamba hukujua kufunga,
na mimi nilijua hilo tu.
Tena. Kaza.
Acha hili moja, dogo, karibu na mlango,
hilo tutalifunga kwa kamba.